Namba 17 Haipo Kwenye Orodha

Jumatatu, 7 Juni 1993

Ameletwa daktari mpya kutoka Nairobi na simwamini. Anaitwa Zacchaeus Kangethe. Amepewa nyumba Milimani, ile yenye geti la kijani na mbwa wawili, na leo asubuhi aliingia ofisi ya rekodi akanisalimia kwa mkono kabla hata ya kumsalimia bosi wangu. Daktari anayemsalimia karani kwanza ana shida na karani.

Na kweli alikuwa nayo. Anataka mafaili ya watu wote waliopasuliwa shingo katika hospitali yetu kuanzia 1979 hadi 1985, wale ambao maabara ilisema ni kansa. Arobaini na mmoja. Anataka kujua nani yuko hai na nani amekufa. Nikamuuliza kulikoni—watu hawa wamekaa miaka kumi bila mtu kuwajulia hali, leo kuna nini?

Akachukua karatasi, akachora mstari katikati. Kushoto akaandika papilari, kulia akaandika folikula. Akasema zote ni kansa za tezi ya shingo lakini tabia zao ni mbali mbali. Hii ya kushoto hupenda kukaa jirani, hapo hapo shingoni, na mtu anaweza kuzeeka akiwa nayo. Hii ya kulia husafiri kwa damu. Inaweza kunyamaza miaka mingi, mpaka mtu asahau, halafu itokee kwenye mfupa au kifuani. Anataka kulinganisha safu hizo mbili, aone watu wa huku ziwani wameishije baada ya miaka kumi. Madaktari wenzake wanajua ya wazungu, ya huku hakuna aliyehesabu.

Nilimsikiliza nimeshika kola ya gauni. Mimi pia nina kovu shingoni, la mwaka 1983. Lakini langu ni goita tu. Daktari mzee aliyenipasua alimwita mume wangu Dishon nje, na Dishon akarudi kitandani kwangu akasema: Mama Aoko, ni goita, imetoka, tumshukuru Mungu. Nikashukuru. Nameza kidonge kimoja kila asubuhi na yameisha.

Kazi ya Kangethe nitaifanya. Lakini jicho langu liko kwake.

Jumatano, 9 Juni

Leo amenipa orodha iliyopigwa taipu. Namba 14, namba 15, namba 16, namba 18.

Nimehesabu mara tatu. Alisema watu arobaini na mmoja. Majina ni arobaini.

Nikampelekea. Nikamwambia, Daktari, kumi na saba haipo. Akasema, "Ah, ni makosa ya taipu hiyo, Mama." Hakuitazama karatasi! Mtu asiyejua kosa liko wapi hulitafuta kwanza. Huyu alijua.

Sasa najiuliza namba 17 ni nani. Mke wa mkubwa fulani? Mtu aliyefia mezani wakaficha? Au faili limeuzwa—siku hizi kila kitu kinauzwa, hata madirisha ya wodi yalipotea mwaka jana. Nimeandika 17 kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu ili nisisahau. Kama naweza kusahau.

Jumatatu, 14 Juni

Wanyonyi, dereva wa hospitali, ananiambia hivi hivi tu akijaza maji kwenye gari: "Mama Aoko, leo saa nne nimeona Mzee wako kwa kantini. Yeye na huyu daktari mpya. Hiyo soda wamekunywa karibu saa nzima."

Mzee wangu! Dishon ni mwalimu mkuu pale Nyamasaria. Saa nne asubuhi mwalimu mkuu anafanya nini kwenye kantini ya hospitali yetu?

Jioni nikamuuliza taratibu, nikiwa nachambua mboga. Umeshinda wapi leo? Akasema shuleni. Siku nzima? Siku nzima, darasa la nane wana majaribio. Nikatazama mkono wa shati lake. Dishon hufundisha hesabu na siku zote hurudi na chaki mpaka kwenye kiwiko. Leo shati safi kama limetoka kwa pasi.

Nikaanza kukumbuka mambo. Miaka yote hii anavyonipa kidonge changu cha asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, kama mimi mtoto. Halafu anasimama, anatazama shingo yangu ninapomeza. Nilikuwa nadhani ni tabia ya walimu, kusahihisha kila kitu. Sasa nadhani kuna mwanamke. Anataka Kangethe amwajiri msichana fulani hapa hospitalini, ndiyo maana soda saa nzima. Nitamjua tu.

Nyonga ya kushoto inauma tena. Ni hili godoro. Nimemwambia Dishon mara ngapi tubadilishe godoro.

Alhamisi, 17 Juni

Mafaili thelathini na matatu yamepatikana. Vumbi limenikaa kifuani. Tumeandikia barua machifu na manaibu chifu, Seme, Nyakach, Asembo, kote, waulize majumbani. Majibu yameanza kuja. Ninapopata jibu naandika kwenye karatasi kubwa ya Kangethe, kushoto au kulia. Kushoto naandika hai, hai, hai, hajulikani, hai. Kulia naandika amekufa, amekufa. Kuna mmoja tu kulia anayenifurahisha, Adero wa Kombewa, alipasuliwa mwezi wa tatu 1983. Karatasi yake ya kliniki humu failini imejaa mihuri, kila miezi sita, mpaka Aprili mwaka huu. Mihuri yenyewe naijua, ni yangu.

Namba 17 bado inanikera. Nikaenda maabara kuomba daftari la 1983, lile kubwa ambamo kila nyama iliyokatwa imeandikwa na jibu lake. Absalom amekaa maabara tangu Uhuru, karibu. Akasimama mbele ya kabati. "Hiyo kitabu si ya kuangalia ovyo, Mama Aoko. Kama daktari anataka, daktari atakuja." Nikamwambia mimi ndiye karani wa daktari. Akasema najua. Lakini hakusogea. Na macho yake hayakuwa ya mtu mkali. Yalikuwa ya mtu anayeniogopa, au anayenihurumia, na sijui lipi linaniudhi zaidi.

Wacha niandike jambo ambalo sijaliandika hata humu. Nilipohamishiwa rekodi mwaka 1986, faili la kwanza kulitafuta lilikuwa langu. Nani asingetafuta? Nikakuta barua ya kuingia, karatasi ya dawa ya usingizi, karatasi ya kutoka. Mahali pa jibu la maabara palikuwa na matundu mawili ya pini ya stepla. Karatasi hakuna. Nikamuuliza Dishon, akasema mafaili ya serikali huliwa na panya. Panya wa kung'oa pini! Na mimi ninayeshuku mpaka chumvi ya dukani, hilo nililiacha. Nililiacha kwa sababu nilitaka kuliacha.

Jumanne, 22 Juni

Absalom alikwenda kunywa chai. Koti lake jeupe msumarini, funguo mfukoni.

Daftari la 1983. Mwezi wa tisa. Kuna alama ndogo za penseli za Kangethe pembeni. 15. 16. Halafu 17.

Nabwire Opiyo. Mwanamke. Miaka 36. Tezi ya shingo. Folikula.

Nimelisoma jina langu kama la mtu wa faili.

Jumatano, 23 Juni

Nimekwenda kazini. Nimerudi.

Alhamisi, 24 Juni

Nimengoja mpaka amemaliza kula. Sitaki mtu aseme nilimnyima mume wangu chakula.

Nikamwambia: Baba Aoko, namba kumi na saba ni mimi. Hakuuliza namba gani. Aliweka glasi ya maji chini taratibu, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa kitambaa cha meza. Nikajua ni kweli yote.

Akasema daktari mzee alimwita yeye peke yake kule nje mwaka ule. Akamwambia ni kansa, kwamba ameitoa yote anavyoona, kwamba wengine huishi na wengine hurudiwa. Akamwambia, ukitaka mwambie, usipotaka usimwambie, wanawake hufa kwa hofu kabla ya ugonjwa. Kwa hiyo akachagua. Halafu akamwomba Absalom aing'oe ile karatasi kwenye faili, maana alijua mimi nitalifikia siku moja.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama yangu alikuwa bado anaishi. Wewe unajua angesema nini. Angesema ni chira."

Ndiyo, najua. Kwao mtu akivunja mwiko wa nyumbani anakonda mpaka anakwisha, na hiyo ndiyo chira. Mwaka ule sisi tulijenga nyumba kule kwao kabla ya kaka yake mkubwa kujenga yake. Mimi ndiye nilisukuma, nilikuwa nimechoka na moshi wa jikoni kwa mama mkwe. Dishon akasema, "Wangesema wewe ndiye ulileta. Msamia mgeni hajui desturi. Wangekurudisha Busia umemshika Aoko mkono na hiyo kidonda bado mbichi. Ningefanya nini?"

Nikamwambia ungenisimamia. Nikamwambia mama yako amezikwa mwaka 1987, hii ni 1993, miaka sita hakuna wa kusema chira. Akasema, "Kila mwaka niliona umepona. Nikasema, kwa nini nimsumbue mtu amepona."

Akaenda chumbani akarudi na bahasha ya vyeti vyake vya ualimu. Ndani, chini ya vyeti vyote, ile karatasi. Imekunjwa mara nne. Matundu mawili ya pini juu kushoto. Miaka kumi ameilaza kati ya cheti cha daraja la pili na cheti cha daraja la kwanza.

Na ile soda? Kangethe alipoona jina langu daftarini aliliacha nje ya orodha, kisha akamtafuta yeye. Akamuuliza, mkeo anajua? Dishon akasema hajui. Ndipo wakakubaliana, wanaume wawili na chupa mbili za Fanta, namba 17 ibaki hivyo hivyo nje ya orodha mpaka Dishon apate moyo wa kusema.

Nina hasira, tazama mwandiko huu. Shingo ni yangu. Kovu ni langu. Habari ni yao! Wanapeana kama gazeti. Kidonge cha asubuhi, kunitazama nikimeza—alikuwa anatafuta uvimbe. Miaka kumi mume wangu ananitazama kama ukuta wenye ufa.

Nilimshuku ana mwanamke. Ningependa angekuwa na mwanamke.

Nimehamia chumba cha Aoko, yeye yuko chuoni. Dishon amesimama mlangoni kitambo. Nimesikia anavyopumua. Ananipenda, hilo silishuku, na ndilo linaloniliza.

Jumatatu, 28 Juni

Niliingia ofisi ya Kangethe bila kubisha. Nikaweka ile orodha mbele yake na kalamu juu. Nikasema, Daktari, andika kumi na saba.

Akasimama. Akasema, "Mama, pole. Nilikosea." Vizuri. Lakini akaanza kueleza, kwamba kule kwao na hata chuoni wamefundishwa kuanzia na familia, kwamba hakutaka nisome jina langu kwenye karatasi ya taipu. Nikamwambia nimelisoma kwenye daftari, je, hiyo ni afadhali? Akakubali si afadhali. Akaliandika.

Kisha nikamtaka anisomee safu zote, kwa sauti, kama zilivyo leo. Kushoto watu ishirini na saba: hai kumi na tisa, wamekufa wanne, hawajulikani wanne. Kulia watu kumi na nne: wamekufa wanane, hawajulikani wanne, hai wawili.

Wawili ni nani? Akasema, wewe na Adero wa Kombewa.

Akaona ninavyofikiri, akasema haraka kwamba watu kumi na nne ni wachache mno, huwezi kuwafanyia hesabu ya maana. Wengi walikuja na uvimbe mkubwa kama nazi, wamechelewa miaka. Mimi nilikuja na uvimbe mdogo. Na wale wasiojulikana si wafu, amesema, ni watu tusiowapata tu. Pengine wamehama. Pengine wako Nairobi wanauza samaki. Anasema vizuri huyu kijana. Anasema kama mtu aliyejiandaa, na ndiyo maana namsikiliza kwa sikio moja.

"Una maumivu popote, Mama?"

Nikasema hapana.

Nikafika mlangoni. Nikarudi. Nikasema nyonga, ya kushoto, tangu Pasaka, lakini ni godoro. Hakusema ni godoro na hakusema si godoro. Aliandika karatasi ya eksirei.

Ijumaa, 2 Julai

Eksirei nilipigwa jana. Yule kijana wa mashine alinigeuza mara nne, na kila mara akaniambia usipumue. Daktari wa kusoma picha anakuja mara moja kwa wiki. Kwa hiyo nangoja, na kungoja si kazi yangu, mimi ndiye huwangojesha watu.

Leo nimelichukua faili la Adero nikaenda nalo stoo, nikakaa juu ya boksi la mafaili ya 1974, nikalisoma kama barua. Alizaliwa karibu 1943. Watoto watano. Mume seremala, anaitwa Tom. Uvimbe wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Wangu ulikuwa kama ndimu, wake wameandika kama ngumi ya mtu mzima. Folikula. Hata wamekwangua kwenye bomba la hewa. Na bado! Oktoba 1983 amekuja, Aprili 1984 amekuja, amekuja, amekuja. Miaka kumi. Kuanzia 1986 muhuri ni wangu na maandishi pembeni ni yangu: "Ameonekana. Hali nzuri. Vidonge miezi sita."

Najaribu kukumbuka uso wake. Naona leso tu. Wenye kadi ya kijani ya kliniki ya shingo hawalipi na hawapangi foleni, wanapitishia kadi dirishani, naita jina, wanaitika, napiga muhuri, dirisha la dawa. Siku ya kliniki ni watu mia. Ni nani ana nafasi ya kutazama nyuso?

Nimeanza kumpenda mtu nisiyemjua. Nataka kumwona anavyotembea. Nataka kumuuliza kama naye nyonga ilimuuma ikapona. Fomu za kwenda kuwaona walio hai zinaanza wiki ijayo na nimemwambia Kangethe hiyo ya Kombewa ni yangu. Nimenunua sukari kilo mbili na majani ya chai. Huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu.

Dishon ameleta godoro jipya. Amelibeba kwenye mkokoteni kutoka mjini, watu wote wakimtazama. Sijarudi chumbani. Lakini nimelikalia.

Jumanne, 6 Julai

Tulitoka saa mbili na Wanyonyi. Kombewa sokoni tukauliza seremala Tom, tukaonyeshwa. Boma safi, nyumba ya mabati, vitanda vipya viwili nje vinangoja msasa. Mwanamke akatoka jikoni akifuta mikono. Leso imezungushwa shingoni. Nikaijua leso.

Lakini miguu yake niliiona ni ya kijana. Anatembea kama mtu asiyejua ana nyonga. Huyu hata miaka thelathini na mitano hana. Adero wangu ana hamsini.

Tukasalimiana. Akatuletea viti, akatuletea uji. Nikatoa fomu. Nikasema, wewe ndiye Adero? Akasema, "Ndiyo, Mama, ndio mimi." Bila wasiwasi wowote! Nikamwomba anionyeshe shingo, ni ya kuandika tu. Akafungua leso.

Shingo laini. Imejaa kidogo upande wa kulia, goita ndogo. Kovu hakuna. Hata mstari hakuna.

Kalamu ilinianguka. Wanyonyi akaiokota, akaona uso wangu, akasema anakwenda kuangalia gari.

Nikamwambia: mama, mtu aliyepasuliwa hapa hubaki na alama mpaka kaburini. Nikafungua kola yangu, nikamwonyesha yangu. Sijawahi kumwonyesha mtu. Akaitazama muda. Akanyoosha kidole akaigusa, kwa upole, akasema, "Yako ni kama ya dada."

Anaitwa Amolo. Adero ni dada yake, mkubwa wake kwa miaka kumi na sita. Amekufa mwaka 1988, mwezi wa pili. Nikauliza kwa nini. "Mgongo. Ilianza na mgongo, akasema ni kulima. Kisha miguu ikakataa. Alilala miezi tatu hapa ndani." Kaburi liko nyuma ya jikoni, sementi, nimepelekwa nikaliona.

Watoto wa Adero walikuwa wadogo na kwao hawakutaka walelewe na mgeni, kwa hiyo Amolo akaletwa kushika nyumba ya dada yake. Akaniambia kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu. "Nilipewa nyumba yake, watoto wake, sufuria zake. Kadi ilikuwa ndani ya sanduku pamoja na nguo. Na mimi shingo ilikuwa imeanza kuvimba. Mzee akaniambia, si kadi yenu iko, enda nayo. Nikaja. Mkaita Adero, nikaitika. Hapa watoto wananiita mama yao. Sasa kama mimi sikuitika, nani angeitika?"

Nikasema, lakini mlidanganya hospitali. Akashangaa kwa kweli. Akasema, "Hakuna mtu aliniuliza, Mama. Na wewe ndiye unapigaga muhuri. Miaka tano. Hujawahi kuniuliza."

Mimi ninayehesabu chaki kwenye shati la mume wangu! Mtu amepita mbele ya dirisha langu mara kumi na moja, amekufa, na nimemwandika hali nzuri.

Akaogopa sasa. Akanishika mkono. "Msininyang'anye hiyo kadi. Vidonge vimenisaidia, shingo imerudi chini. Bila kadi nitapanga laini na kulipa, na sina." Kisha akatazama tena kovu langu akasema, "Na wewe uko sawa?"

Nikasema niko sawa. Nikatoa sukari na majani ya chai. Kadi ya Adero nimekuja nayo. Nimemwambia aje kliniki Alhamisi, aje kama Amolo, anitafute mimi, aonyeshe ile goita yake kwa daktari, kadi mpya ya kijani nitaandika mimi na muhuri nitapiga mimi. Kadi ya kijani ni ya waliopasuliwa tu, sheria ndivyo inavyosema. Sheria ikinitaka itanikuta, kama bado nipo.

Tukirudi Wanyonyi aliendesha macho mbele tu, Mungu ambariki. Karibu na Kisian nililia kidogo. Nilimlilia Adero kama ndugu, na huku sikumjua. Uongo nitauacha nje ya daftari hili: nilijililia mimi.

Kufika nyumbani nimemsimulia Dishon yote. Mgongo nimeutaja. Nilimwona akisikia neno lile. Usiku huu nimerudi chumbani, kwenye godoro jipya. Ni zuri, gumu. Nyonga inauma vile vile.

Jumatano, 7 Julai

Asubuhi. Fomu ya Adero iko mbele yangu. Hai bila ugonjwa, hai na ugonjwa, amekufa, hajulikani. Kalamu imekaa juu ya "hai bila ugonjwa" muda mrefu. Nani atajua? Kangethe hatakwenda Kombewa kufungua leso. Akisimama kwenye mkutano wao atasema, kulia kuna mwanamke, uvimbe kama ngumi, miaka kumi, anatembea. Na mahali fulani mtu mwingine mwenye jina upande wa kulia atasikia na kulala usingizi, kama nilivyolala mimi siku nane.

Lakini Dishon naye aliniandikia hali nzuri miaka kumi.

Nimeandika: amekufa, Februari 1988, mgongo. Nimepiga muhuri. Kwenye karatasi kubwa nimefuta kwa raba na kujaza upya. Safu ya kulia: wamekufa tisa, hawajulikani wanne, hai mmoja.

Saa sita. Bahasha ya kahawia imeshuka kutoka eksirei. Jina langu juu. Kwa kawaida ni mimi huzigawa. Imeandikwa ipelekwe kwa Dkt. Kangethe moja kwa moja na imebandikwa gundi mpaka kwenye kona. Za wengine huwa hazibandikwi. Nimeishika dirishani kwenye mwanga. Naona mfupa mweupe na kivuli, na kila mfupa una kivuli, mimi si daktari.

Saa saba. Nimempelekea mwenyewe. Akaipokea akasema atanisomea saa kumi. Halafu akasema, "Mama, itakuwa vizuri ukija na Mzee."

Nikamwambia, Daktari, si tumeshasemezana? Akasema ndiyo, lakini ni vizuri mtu asiwe peke yake. Pengine anamwambia hivyo kila mgonjwa. Nimewauliza wauguzi wawili kama anamwambia hivyo kila mgonjwa. Mmoja amesema ndiyo, haraka mno. Wa pili amesema hajui.

Saa kumi kasoro. Niko kwenye benchi nje ya mlango wake, daftari hili gotini. Dishon amekuja. Ameomba ruhusa shuleni na safari hii hakunificha. Shati lake limejaa chaki mpaka kwenye kiwiko. Amekaa, ameshika mkoba wangu kama atakimbia nao.

Nimemwambia: mimi ndiye nitakayeingia. Wewe utakaa hapa, na nikitoka nitakuambia, yote, hata kama ni mbaya. Akasema sawa, Mama Aoko. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena.

Tunasikia kiti cha daktari kikisogezwa. Hatua. Nyonga imetulia kabisa leo, ajabu, tangu asubuhi. Hata hilo nalishuku.

Mlango umefunguka. Kangethe ameita jina langu, vizuri, Nabwire Opiyo, lakini anamtazama Dishon.